Ovaloki: Jifunze Kwanza, Nunua Baadaye

Ramadhani ikikaribia, mafundi wa Mombasa huwa hawashikiki. Kuanzia vibaraza vya Biashara Street hadi vichochoro vya Mji wa Kale, cherehani hulia mpaka usiku. Madera, makanzu na nguo za watoto hupangwa foleni, na kila mteja ataka yake iwe tayari kabla ya mwezi kuandama. Huu ndio wakati ambapo wengi wanaoanza ushonaji hupata wazo moja: nikope kwa simu, ninunue ovaloki yangu, nami niipate hii pesa ya Idi.

Sisi wa timu ya elimu kwa wateja tuna maoni tofauti, na tutayasema bila kuzunguka. Kama ndio mwanzo unajifunza, usikope kununua ovaloki. Lipia muda kwenye mashine ya mtu mwingine, upate mkono wa kazi, kisha uache rekodi za malipo zilizo kwenye simu yako zikwambie siku ya kununua imefika.

Kuna atakayesema kila mtu huvutia kamba kwake: sisi ni kampuni ya malipo, na mtu akilipa mara nyingi sisi hupata. Sawa. Ndiyo maana hesabu zote tumeziweka hapa chini. Zipige mwenyewe, uone kama zasimama.

Mashine yenyewe ni ipi?

Cherehani ya kawaida hutumia nyuzi mbili, mmoja wa sindano na mmoja wa bobini. Kazi yake ni kuunganisha. Ovaloki hufanya mambo matatu kwa mpigo mmoja: inashona, inakata ukingo wa kitambaa kwa kisu chake, na inaufunga ukingo huo kwa nyuzi ili usifumuke. Haina bobini kabisa. Badala yake ina lupa mbili, ile ya juu na ile ya chini. Lupa ni chuma kilichopinda kinachobeba uzi na kuuzungusha kwenye ukingo, bila kutoboa kitambaa.

Ovaloki ya nyuzi 3 ina sindano moja na lupa mbili. Ya nyuzi 4 ina sindano mbili na lupa mbili, na mshono wake ni imara zaidi. Geuza fulana uliyovaa, utazame ndani ubavuni. Ule mshono uliosokotwa ukingoni ndio huo.

Mashine hii ilizaliwa kiwandani. Kampuni ya Merrow ya Connecticut, Marekani, ilikuwa ikitengeneza mashine za aina hii tangu miaka ya 1880, na ndogo za nyumbani zilikuja baadaye sana, katika miaka ya 1960 kule Japani. Yaani iliundwa kwa ajili ya wingi na kasi. Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo linaloamua kama mashine italipa deni lake au itakaa kona ikifunikwa leso.

Tena si kila kazi yahitaji ovaloki. Kama riziki yako ni kukata na kupinda leso, cherehani ya kawaida yatosha, maana pindo la leso hukunjwa na kushonwa moja kwa moja. Ovaloki ina maana kwa kitambaa kinachotoa nyuzi, kama vile shifoni na yale mapana ya madera, na kwa kitambaa kinachovutika kama fulana. Kabla ya lolote, jiulize: mimi hushona nini hasa?

Kwa nini humshinda anayeanza

Tunaandika haya kwa sababu watu hudhani ukijua cherehani, umejua ovaloki. La. Kuna mambo matano ambayo humtoa mtu jasho.

*Kutia uzi.* Kwenye mashine nyingi utaratibu ni huu: lupa ya juu kwanza, kisha ya chini, na sindano mwisho. Uzi wa lupa ya chini ukikatika katikati ya kazi, usiutie peke yake ukaendelea. Toa kwanza uzi wa sindano, tia lupa, kisha rudi kwenye sindano. Ukikosea utaratibu, uzi utaendelea kukatika na utaapa mashine ni mbovu, na kumbe nzima.

*Mkazo wa nyuzi.* Kila uzi una kifundo chake cha kukaza na kulegeza. Kimoja kikizidi, kitambaa chajikunja. Kikipungua, nyuzi zaning'inia. Mwanafunzi na atumie koni za rangi nne tofauti. Hapo utaona mara moja ni uzi gani unaoleta shida, badala ya kuzungusha vifundo vyote kwa kubahatisha.

*Kisu.* Hapa hakuna kurudi nyuma. Mshono wa cherehani waweza kuufumua, lakini ukingo uliokatwa umekwenda. Ukizubaa, chini ya mguu wa mashine kuingie kipande cha mkono wa gauni, umelikata gauni la mtu. Na pini ziondolewe kabla hazijafika kwenye kisu. Kisu kikigonga pini, kinaharibika, na kipande cha chuma chaweza kukurukia jichoni.

*Kasi.* Ovaloki ndogo za nyumbani hupiga mishono 1,300 hadi 1,500 kwa dakika. Za kiwandani hupita 5,000. Mguu uliozoea cherehani ya kukanyaga hauwezi kuituliza mashine hiyo siku ya kwanza.

*Mwisho wa mshono.* Ovaloki haishoni kinyumenyume ili kufunga. Unaiacha itoe mkia wa nyuzi, kisha mkia huo unaurudisha ndani ya mshono kwa sindano ya mkono au unaufunga fundo. Anayeukata tu na kwenda zake, nguo itarudishwa baada ya kufuliwa mara ya pili.

Hakuna hata moja kati ya haya ambalo ni gumu kupita kiasi. Lakini yote yahitaji saa kadhaa za mkono kwenye mashine, na saa hizo hazihitaji mashine iwe yako.

Jinsi ya kulipia kujifunza

Mtafute fundi mwenye ovaloki na mweleze wazi: mama, au mzee, nataka kujifunza, nami nitalipa. Usiende kukaa kibarazani wiki nzima ukitazama bure huku umekaa njiani. Ufundi ni mali ya mtu. Aliyeutafuta miaka ishirini asiombwe kama chumvi.

Wengine husema mafundi ni wachoyo, hawafundishi kwa kuogopa kuongeza mshindani. Labda wapo. Lakini wengi wanachokikataa ni kupotezewa muda bila malipo, na uzi wao kumalizwa. Mtu akija na pesa yake, vitambaa vyake na koni zake, mazungumzo hubadilika.

Chagua na msimu. Kumi la mwisho la Ramadhani hakuna fundi atakayekutazama. Baada ya Idi kazi hupoa, mashine hulala mchana, na shilingi chache za mwanafunzi huwa na maana kwa mwenye duka. Huo ndio wakati wako.

Kubalianeni mambo manne, na muyaandike kwenye ujumbe wa simu ili kila mmoja abaki nayo: bei kwa saa, ni saa ngapi, nani hununua uzi, na sindano ikivunjika ni juu ya nani. Ujumbe huo umeokoa urafiki mwingi.

Kisha mazoezi. Anza na shuka kuukuu. Chora mistari kwa chaki, uifuate. Ukiweza mstari, nenda kwenye mviringo kama wa shingo na kwapa. Ukiweza mviringo, jaribu kitambaa kinachovutika. Kila siku, kabla ya kushona chochote, toa nyuzi zote na uzitie upya mwenyewe. Yule anayeweza kutia nyuzi nne bila kumwita mtu ndiye tunayesema amejua. Mafundi wana njia ya mkato: wanakata uzi karibu na koni, wanafunga uzi mpya kwa fundo na kuuvuta upite. Ni nzuri, isipokuwa fundo halipiti kwenye tundu la sindano. Hapo huna budi kukata na kutia kwa mkono. Lakini njia ya mkato ni ya anayeijua njia kuu.

Na kama unataka karatasi ya kuonyesha, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, hutoa mitihani ya ufundi kwa madaraja, na ina kituo hapa Mombasa. Hata fundi aliyejifunzia kibarazani anaweza kwenda kupimwa.

Sasa tupige hesabu

Bei tunazotumia hapa ni za mfano tu. Weka za mtaani kwako.

Tuseme fundi jirani hukutoza shilingi 50 kukupigia ovaloki dera moja. Tuseme ungekuwa na mashine yako, uzi, stima na sindano vingekugharimu shilingi 15 kwa dera. Basi mashine yako ingekuokolea shilingi 35 kila dera. Na tuseme mashine ni shilingi 28,000.

28,000 ukigawa kwa 35 ni madera 800.

Ukishona madera 4 kwa wiki, utayafikia hayo 800 baada ya wiki 200, karibu miaka minne. Ukishona 40 kwa wiki, ni wiki 20, haifiki miezi mitano. Mashine ni ileile na bei ni ileile. Tofauti ni wingi wa kazi uliyo nayo, na wingi wa kazi hauletwi na mashine. Unaletwa na mkono unaoaminika na wateja wanaorudi.

Mkopo wa siku 30 na mashine ya miaka

Mikopo mingi ya simu hurudishwa ndani ya siku 14 au 30. Imefanywa kwa mambo ya haraka: umepungukiwa nauli, stoku imeisha na mteja amesimama mlangoni. Kwa hayo inafaa, nasi hatuipigi vita.

Ila tazama. Kwa madera 4 kwa wiki, mwezi mzima ni madera 17 hivi, na mashine imekuokolea kama shilingi 600. Deni la 28,000 na riba yake lataka kulipwa lote. Hizo nyingine zitatoka wapi? Zitatoka kwenye karo, kwenye kodi ya nyumba, au kwenye mkopo wa pili wa kulipa wa kwanza. Wazee wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hawakuwa na simu lakini walijua.

Utasema: mbona nitawapigia na majirani, walipe? Vizuri. Ili upate 28,000 kwa siku 30 kwa faida ya shilingi 35, wahitaji nguo 800, yaani 26 au 27 kila siku, Ijumaa ikiwemo. Mtu ambaye juzi ndio amejua lupa ya chini iko wapi, azipate wapi nguo 27 kwa siku, na azipige zote bila kukata hata moja?

Kama ni lazima ukope, basi muda wa mkopo ulingane na umri wa mashine. Chama chenu, au sako, huweza kukupa miezi kadhaa. Na ukienda kwa mkopeshaji wa kidijitali, jua kwamba tangu 2022 kuna kanuni za Benki Kuu ya Kenya za kuwasimamia, na majina ya waliopewa leseni yamewekwa kwenye tovuti ya benki hiyo. Angalia jina kabla ya kutoa nambari ya kitambulisho.

Simu yako ndiyo daftari

Hapa ndipo twataka ushike kalamu. Kila unapolipia ovaloki, lipa kwa simu, kwa nambari ileile ya fundi au Till yake. Usichanganye na pesa ya mkononi. Mwisho wa mwezi, itisha taarifa ya miamala yako na ujumlishe ulichompa.

Usilipe shilingi 50 mara kumi kwa siku. Kama muamala una ada, kila malipo madogo hukukata. Jumlisha za siku nzima, ulipe mara moja jioni. Kampuni ya malipo haikupaswa kukwambia hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Kanuni yetu ni hii: nunua pale mashine inapoweza kujilipa ndani ya mwaka mmoja. Kwa mfano wetu, hiyo ni madera 67 kwa mwezi, kama 16 kwa wiki. Kwenye taarifa yako itaonekana kama shilingi 3,350 ulizomlipa fundi mwezi mmoja. Ukiziona miezi mitatu mfululizo, siku imefika. Tunasema mitatu kwa sababu mwezi wa Idi pekee hudanganya. Yeyote huonekana tajiri mwezi huo.

Na ukitenga shilingi 100 kila dera unalouza, kwa madera 67 utakuwa umeweka 6,700 kwa mwezi. Kwa miezi mitano mashine ni yako na humdai mtu, hudaiwi.

Kuna watakaobisha kwamba huko ni kuchelewa, na wenzao watawatangulia. Twaelewa. Lakini hebu fikiria, wakati huo wote ulikuwa ukifanya nini? Ulikuwa unashona, unauza, na kumalizia nguo zako kwa ovaloki kama kila mtu. Mteja hajui mashine ni ya nani. Anachokiona ni mshono.

Siku ya kununua

Siku ikifika, usiangalie rangi ya mashine. Beba vitambaa vyako mwenyewe, kimoja chepesi na kimoja kinachovutika. Mwambie muuzaji atoe nyuzi zote, kisha utie wewe. Shona vyote viwili. Sikiliza mlio. Gusa kisu kama kinakata au kinatafuna.

Kama ni ya kiwandani, uliza mota. Mota ya klachi huzunguka wakati wote swichi ikiwa imewashwa, hata kama hujakanyaga. Mota ya servo huzunguka ukikanyaga tu. Tokeni za stima zitakuonyesha tofauti kabla mwezi haujaisha. Uliza pia sindano na vipuri vyapatikana hapa mjini. Na kwa unyevu na chumvi ya bahari tuliyo nayo kisiwani, nunua chupa ya mafuta ya mashine na kifuniko siku hiyohiyo. Chuma kikiachwa wazi hushika kutu.

Kwenye malipo, usitume amana kwa mtu aliyekuonyesha picha tu mtandaoni. Ione kwanza mashine ikishona. Lipa kwa Till au Paybill ya duka, usome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha, na kama ni jina la mtu usiyemjua, simama uulize. Subiri ujumbe wa uthibitisho ufike kwako na kwake. Itisha risiti. PIN yako hasemwi mtu, hata anayedai amepiga simu kutoka kwetu.

Ovaloki haina haraka na wewe. Madukani zimejaa, na Idi nyingine yaja. Wiki hii fanya jambo moja tu: nenda kwa fundi mmoja mwenye mashine, muulize anatoza ngapi kwa saa, na umlipe saa ya kwanza.